Kufunga flai ya kamba kwa trauti wa bahari: mwongozo kamili kutoka jiliwa hadi majini

Kamba akishtuka haendi mbele. Anakunja mkia kwa nguvu, anaruka kinyumenyume, na mchanga haujatulia ameshahama. Ndiyo sababu flai ya kamba, yaani chambo bandia cha singa na manyoya kinachofungwa kwenye ndoana kumwiga kamba, hufungwa kinyume na flai nyingine nyingi: macho na sharubu hukaa nyuma, kwenye pindo la ndoana, na mkia hukaa mbele, pale mshipi unapofungwa. Ukivuta mshipi, chambo kinakimbia vile vile anavyokimbia kamba mwenyewe. Hatua zote zilizomo humu zimejengwa juu ya jambo hilo, na ukilishika vizuri utaweza kurekebisha flai yako mwenyewe hata nyenzo zikibadilika.

Pwani ninayoizungumzia ni ya Denmark na majirani zake, kusini mwa Uswidi na kaskazini mwa Ujerumani, ambako trauti wa bahari huvuliwa kwa miguu, mvuvi akiwa ndani ya maji ya kiunoni. Nimewaandikia watu wa aina mbili. Wa kwanza anaishi Odense, Malmö au Kiel, ana bahari karibu na nyumbani na hajui aanzie wapi. Wa pili ni fundi wa flai wa Kenya. Kenya ni miongoni mwa nchi zinazofunga flai nyingi za kuuza nje, na ile ambayo mvuvi wa Ulaya ananunua dukani huenda imetoka kwenye meza ya karakana ya Nairobi. Fundi anayefuata sampuli tu, bila kujua kamba hufanya nini majini, akikosa nyenzo moja hukwama. Anayemjua kamba hatakwama.

Samaki mwenyewe si mgeni kwetu. Kwa jina la kisayansi ni Salmo trutta, yule yule trauti wa kahawia ambaye mlowezi Ewart Grogan alimleta kwenye mito ya Aberdare mwaka 1905. Huyu wa Denmark huzaliwa kijitoni, hukaa huko mwaka mmoja hadi mitatu, kisha huteremka baharini na kugeuka rangi ya fedha. Hurudi mtoni kuzaa. Akiwa baharini anakula samaki wadogo, minyoo na kamba, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hutafuta riziki kwenye maji mafupi kabisa, mara nyingi yasiyofika magotini.

Mwangalie kamba kwanza

Chukua kamba hai wa pwani ile, mtie kwenye glasi ya maji safi, iweke mbele ya dirisha. Utaona mambo matatu. La kwanza, mwili ni kama haupo: mwanga unapita ndani yake, na kinachobaki ni kivuli cha utumbo na vidoa vya kahawia. Kamba wa miambani huongeza pete za buluu na manjano miguuni. La pili, macho ni meusi, yamesimama juu ya vishikizo, na hayapenyezi mwanga hata kidogo. Sehemu nzima ya mnyama inaweza kupotea machoni pako, lakini nukta mbili nyeusi zitabaki. La tatu, hatulii. Hata akiwa amesimama juu ya jani la mwani, viguu vya kuogelea chini ya tumbo vinapepea mfululizo na sharubu ndefu zinapapasa maji.

Hapo umepata orodha yako ya kazi: mwili unaopitisha mwanga, macho meusi yanayoonekana, na nyenzo laini inayocheza bila kuvutwa. Nimeona flai za kamba zilizochongwa kila pingili na kila mguu, nzuri za kuwekwa kwenye fremu, ambazo majini zinakwenda zimekakamaa kama kijiti. Samaki hahesabu pingili.

Kuhusu ukubwa: kamba wa kawaida wa pwani hizo, Palaemon adspersus, hufikia sentimita sita au saba, lakini wengi wanaoliwa wana sentimita mbili hadi nne. Wapo pia uduvi wadogo, sentimita mbili au chini, wanaoning'inia makundi kwa makundi kando ya mwani na nguzo za madaraja. Kwa hiyo ukifunga flai ya jumla ya sentimita nne hadi tano, sharubu zikiwemo, umelenga katikati. Kubwa ya sentimita saba ina kazi yake maji yakiwa na tope, na ndogo ya sentimita mbili na nusu ina kazi yake wakati wa kiangazi, samaki anapokuwa mchoyo.

Nyenzo, na mahali pa kuzipata

Ndoana ni namba 6, yenye tundu la kufungia mshipi lililonyooka na shina la urefu wa kawaida, ya kustahimili maji ya chumvi. Kumbuka namba ikikua ndoana inapungua: namba 4 ni kubwa kuliko 6, na 8 ni ndogo zaidi. Chagua waya wenye nguvu ila si mnene, maana ndoana nzito inaizamisha flai kichwa mbele na kuua mchezo wote. Ndoana za mtoni zisizokingwa dhidi ya kutu zinafaa kwa mazoezi tu. Baada ya siku moja ya chumvi zinaanza kuacha alama nyekundu kwenye boksi na kuambukiza za jirani.

Uzi uwe mwembamba na wa rangi iliyopauka: krimu au pinki hafifu. Ukitumia mweusi, utaonekana kupitia mwili mzima mara flai ikilowa.

Sharubu zinataka nyenzo mbili pamoja: singa laini na nyuzi ngumu chache. Singa laini zinaweza kuwa za mbuzi, zile ndefu za shingoni, zilizooshwa kwa sabuni hadi mafuta yakaisha. Nyuzi ngumu ni zile za brashi ya rangi ya bei ndogo, ya nailoni inayopenyeza mwanga. Ongeza nyuzi mbili za kumetameta, zisizidi. Kwenye maelezo ya zamani utakuta singa za dubu wa barafu. Achana nazo, mnyama huyo yumo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mzigo wa nje wenye singa hizo bila vibali utakuletea kesi. Vivyo hivyo kwa fundi wa Kenya anayejaribiwa na manyoya ya ndege au wanyama wa porini: uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, na mbuzi, kondoo na jogoo wanakutosha.

Unyoya wa jogoo ndio miguu. Tafuta wa shingoni au mgongoni karibu na mkia, mrefu, laini, wenye uti mwembamba unaopinda bila kukatika. Unyoya mgumu wa kusimama, ule unaofaa flai za kuelea, hapa haufai. Jogoo mweupe wa kienyeji ana manyoya mazuri sana ya kazi hii. Yatie rangi mwenyewe kwa rangi ya nguo na siki kidogo kwenye maji ya moto yasiyochemka.

Sufu ya mwili ichanganye mwenyewe: sehemu mbili za singa za mbuzi zilizokatwakatwa urefu wa sentimita mbili, na sehemu moja ya nyuzi za plastiki zinazong'aa. Zichambue kwa vidole mara nyingi hadi usione mstari wa rangi moja. Sufu ya kondoo peke yake inalowa na kushikana, inakuwa donge.

Mengine ni mshipi wa nailoni wa milimita 0.20 kwa kubana mwili, nailoni nene ya milimita 0.7 au 0.8 kwa macho, rangi nyeusi ya kucha, na gundi ya UV, ile inayokauka kwa mwanga, na kitochi chake. Kama hiyo gundi haipatikani, vanishi ya kucha isiyo na rangi itafanya kazi, ila ukae ukiisubiri.

Jiliwa la kufungia flai si lazima liwe la gharama. Likishika ndoana bila kuteleza, latosha.

Macho kwanza, tena mengi kwa mpigo

Usianze flai ukiwa huna macho. Kaa siku moja uyatengeneze mengi, maana yanataka mkono uliozoea na hewa ya kutosha.

Kata nailoni nene vipande vya sentimita tatu. Shika kimoja kwa koleo dogo, ncha ikiwa imetokeza milimita nane hivi, na usogeze moto wa kiberiti cha gesi ubavuni mwake bila kuutia ndani ya moto. Nailoni itaanza kurudi nyuma na kujikusanya kuwa kitone. Ikishika moto, izime kwa kupuliza mara moja. Kitone kilichoungua kina mapovu na kitavunjika. Zungusha koleo polepole ili kitone kisilale upande mmoja. Ukubwa mzuri kwa ndoana namba 6 ni milimita mbili. Zaidi ya hapo utakuwa na mjusi, si kamba.

Hakikisha ni nailoni. Mshipi wa florokaboni hauundi kitone kizuri, na moshi wake una sumu.

Kikipoa, chovya kitone kwenye rangi nyeusi ya kucha, kichomeke kwenye kipande cha sponji kikauke, kisha ukipake tone la gundi ya UV juu. Hilo tone la mwisho ndilo linalofanya jicho liwe na mng'ao wa unyevu hata likiwa kavu, na linazuia rangi isichubuke kwenye mawe.

Kufunga, hatua kwa hatua

Bana ndoana kwenye jiliwa kwa pindo lake, shina likiwa mlalo. Pitisha ncha kwenye ukucha wa kidole gumba: ikiteleza bila kukwaruza, ndoana hiyo itupwe au inolewe sasa, siyo baada ya kuipamba. Kama unavua eneo la kuachilia samaki, bonyeza kijino kilicho nyuma ya ncha kwa koleo hapa hapa.

Anza uzi milimita mbili nyuma ya tundu na uulaze kwa mizunguko iliyopangana hadi mwanzo wa pindo, kisha endelea kidogo kuteremka kwenye pindo, mizunguko mitatu au minne. Huko kuteremka ndiko kunakoupa mwili mkunjo wa kamba. Ukiishia kwenye shina lililonyooka utapata flai iliyonyooka.

Sasa sharubu. Chukua kifungu cha singa za mbuzi chenye unene wa kijiti cha kiberiti, au chini ya hapo. Ng'oa zile fupi za chini kwa kuchana. Zifunge zikielekea nyuma, zipite pindo kwa sentimita mbili na nusu hadi tatu. Juu yake weka nyuzi mbili za brashi, ndefu kuliko singa kwa sentimita moja, kila moja upande wake, na nyuzi mbili za kumetameta zilizokatwa urefu usiolingana. Usizikate ncha za singa kwa mkasi ili zilingane. Ncha ya asili inapungua unene na inacheza, iliyokatwa inasimama. Ukitaka kufupisha, fungua na ufunge upya.

Chota kijichembe cha sufu ya mwili, kisokote kuwa kidonge kidogo, na ukifunge mbele ya sharubu. Kidonge hiki kinatawanya singa zisilale kwa pamoja, na kinayapa macho mahali pa kuegemea.

Funga jicho moja kila upande. Vishikizo vyake vilale kando ya shina, na vitone vitokeze nyuma ya kidonge kwa milimita tano, vikiwa vimefunguka nje kidogo kama pembe ya V. Mizunguko ya kupishana kwa umbo la nane kati ya jicho na jicho ndiyo inayoyashikilia. Tazama kutoka juu: vitone viwe sambamba. Jicho moja likiwa mbele ya jingine, flai itazunguka majini na kusokota mshipi wako hadi ujute. Tia tone dogo la gundi kwenye vishikizo, washa kitochi, uendelee.

Hapo hapo kwenye pindo, chini ya shina, funga nailoni ya milimita 0.20, uiache ining'inie nyuma. Kisha unyoya. Ondoa manyoya mafupi ya fufufu chini ya uti, na uufunge kwa upande wa shina nene, siyo kwa ncha. Kwa nini? Nyuzi ndefu za unyoya ziko karibu na shina lake, na fupi ziko nchani. Ukifunga shina nyuma na kuzungushia kuelekea mbele, miguu mirefu itakaa kichwani na mifupi mkiani, kama Mungu alivyompanga kamba. Upande uliofifia wa unyoya uelekee nyuma, ili nyuzi zilalie nyuma ukivuta na kufunguka ukisita.

Mwili ni sehemu inayoharibu flai nyingi, na kosa huwa moja: sufu kupita kiasi. Fanya kitanzi cha uzi cha sentimita kumi, paka nta kidogo, tandaza sufu ndani yake kwa uchache kiasi kwamba unauona uzi kati ya singa, halafu sokota hadi upate utambi wenye manyoya. Anza kuuzungusha nyuma ya macho. Pita mara moja kati ya macho na mara moja mbele yake, kisha mizunguko ya kwanza miwili iwe ya kubanana, inayofuata iachane zaidi na zaidi ukielekea kwenye tundu. Mwili uanze na kifua na uishe na mkia mwembamba. Kila mzunguko mmoja, rudisha singa nyuma kwa vidole ili usizilalie. Acha milimita tatu tupu nyuma ya tundu. Zile milimita tatu ndizo zitakazokuokoa mwishoni. Anayezitumia zote huishia kuziba tundu kwa uzi na gundi.

Zungusha unyoya mizunguko mitano au sita, iachane sawa, mbili za kwanza zikiwa karibu karibu kifuani. Ubane kwa uzi na ukate ncha. Sasa chukua ile nailoni ya milimita 0.20 na uizungushe kwa mwelekeo wa kinyume na ulivyozungusha unyoya, ikikatiza uti wake kila inapopita. Isukume huku na huku unapoipitisha ili isilaze nyuzi za unyoya chini yake. Trauti ana meno madogo makali, na uti usiobanwa hukatika kwa samaki wa kwanza, kisha unyoya wote unafunguka ukiwa bado unautazama.

Kata nyuzi za unyoya zilizosimama juu ya mgongo, karibu na mwili. Za ubavuni ziache. Za chini ziache pia, ila zisifunike ncha ya ndoana. Chache zikipita si neno, kichaka kizima kinazuia kunasa.

Gamba ni hiari. Mimi naliweka kifuani tu, theluthi ya kwanza kutoka kwenye macho: tone la gundi ya UV mgongoni, nalisambaza kwa sindano, natia kitochi. Ukiendelea nalo hadi mkiani mwili unakakamaa na hewa na maji havipiti tena kwenye sufu. Wapo wanaofunika mgongo wote kwa ukanda wa plastiki. Inapendeza, inauzika, na majini haiongezi kitu.

Mkia: acha nyuzi tano au sita za unyoya zielekee mbele juu ya tundu, uzikate ziwe urefu wa milimita nne. Funga fundo la kumalizia la mizunguko mitano. Huna chombo chake? Tia mafundo matatu ya nusu, moja moja, ukikaza kila moja kuelekea chini. Tone la vanishi, kisha pitisha unyoya mkavu ndani ya tundu ulizibue kabla halijakauka.

Mwisho, chana mwili kwa kipande cha velkro kilichogundishwa kwenye kijiti, kwa nguvu kuliko unavyothubutu. Singa zitakazong'oka zilikuwa zitang'oka tu. Zilizobaki ndizo zinazotengeneza ule ukungu kuzunguka mwili unaopitisha mwanga.

Glasi ya maji

Kabla hujafunga ya pili, itie ya kwanza kwenye glasi au jagi refu, ukiwa umeibana hewa yote kwa vidole. Iachie. Inatakiwa kuzama polepole, karibu mlalo, huku miguu ikifunguka. Ikizama kwa tundu mbele, gundi ya mbele imezidi au ndoana ni nzito. Ikilalia ubavu, macho hayalingani au unyoya umekatwa zaidi upande mmoja. Ikielea hata ikiwa imelowa, singa za mbuzi bado zina mafuta. Iweke mbele ya mwanga: ukiona kiini cheusi mnene katikati, sufu imezidi. Punguza kwenye inayofuata hadi uone ndoana kwa mbali ndani yake.

Kwa maji yenye kina, zungushia shina mizunguko sita ya waya mwembamba wa shaba katikati kabla ya kuanza. Usitumie waya wa madini ya risasi: Denmark hairuhusu kuuza vifaa vya uvuvi vyenye risasi, na mzigo wa flai ulio nayo hautaingia dukani.

Rangi

Flai ya kamba mashuhuri kuliko zote za Denmark ni ya pinki. Inaitwa Pattegrisen, yaani kitoto cha nguruwe, na aliyeibuni ni Claus Eriksen wa kisiwa cha Fyn. Ina sharubu ndefu, macho, na unyoya mrefu uliozungushwa mwili mzima. Muundo niliouelezea ni wa ukoo huo huo.

Ajabu yake ni kwamba kamba hai si wa pinki. Rangi hiyo hutokea akipikwa: ndani ya gamba mna rangi iitwayo astaksanthini iliyofungwa na protini, na joto linapoivunja protini, wekundu unajitokeza. Ni rangi hiyo hiyo inayoifanya nyama ya trauti na salmoni kuwa ya chungwa wakila kamba wengi. Hata hivyo, kwenye maji baridi ya Januari hadi Machi, kamba wakubwa wakiwa wamehamia kina kirefu, pinki inavuta samaki kuliko rangi ya kweli. Aprili maji yakianza kupata joto na kuwa safi, geukia krimu, mchanga, na kijani cha mwani. Kamba jike wenye mayai tumboni huonekana kipindi cha joto. Kidokezo cha chungwa chini ya kifua kinatosha. Usiku wa kiangazi, nyeusi. Samaki anatazama juu kuelekea anga hafifu, na kivuli kizito ndicho anachokiona.

Ukilazimika kuwa na mbili tu, ziwe pinki iliyopauka na kahawia ya mchanga.

Majini

Ufito wa futi tisa wa daraja la 6 au 7, mshipi wa kuelea au wa kuzama polepole sana, na mbele yake mita tatu na nusu za mshipi mwembamba unaoishia milimita 0.25. Funga flai kwa fundo la kitanzi ili icheze. Fundo la kukaza linaigeuza kuwa ncha ya mshipi.

Tafuta sakafu yenye madoa: mchanga mweupe, kiraka cha mwani, jiwe, nyasi bahari, tena mchanga. Kamba wanakaa kwenye kingo za viraka hivyo na trauti anapita akizikagua. Mapema mwaka, ghuba fupi zenye sakafu nyeusi hupata joto haraka saa za mchana, na huko ndiko pa kuanzia. Maji yakiwa baridi na yenye chumvi nyingi, trauti hupata taabu kudhibiti chumvi mwilini, hivyo majira ya baridi wengi huingia ndani ya fiodi, ghuba zinazoingia ndani ya nchi kavu, ambako maji ya mito yameyapunguza makali. Kabla hujaingia majini, tupa mara chache karibu na ukingo. Waingiao kwa kishindo huwafukuza samaki waliokuwa mbele ya viatu vyao.

Kuvuta ndiko kunakomaliza kazi uliyoanza kwenye jiliwa. Vuta vipande vifupi vya sentimita kumi, viwili au vitatu, kisha usite. Hesabu hadi tatu. Mara moja moja vuta kwa ghafula nusu mita, ule mruko wa mkia, na usite tena. Mara nyingi mguso unakuja wakati wa kusita, na wakati mwingine huusikii kabisa: mshipi unakuwa mzito tu. Kaza kwa mkono wa mshipi, usiinue ufito. Baridi ikizidi, punguza kasi hadi uhisi unafanya upuuzi, halafu punguza tena.

Denmark mvuvi mtu mzima ambaye hajafikia umri wa pensheni lazima awe na kibali kinachoitwa fisketegn, trauti wa bahari wa kuchukua aanzie sentimita 40, na kwenye midomo ya vijito kuna maeneo ya hifadhi ya mita 500 ambayo mengine yamefungwa mwaka mzima. Kuanzia 16 Novemba hadi 15 Januari samaki aliyebadilika rangi kwa ajili ya kuzaa hurudishwa majini. Angalia ramani ya eneo lako kabla ya kutoka.

Na salmoni?

Hapa naomba usibebwe na picha za kwenye boksi. Salmoni wa Bahari ya Baltiki anapokuwa baharini hufuata heringi na dagaa wa kule, kwenye kina kirefu mbali na ufukwe, na flai ya kamba ya sentimita nne si chakula anachokitafuta. Anaipenda zaidi akishaingia mtoni, japo huko hali tena. Flai za kamba za mtoni zinafungwa kwa namna nyingine: singa za mkia wa kulungu, rangi ya chungwa na nyekundu, ndefu, bila macho ya kuchomwa. Ally's Shrimp, aliyoibuni Mskoti Alastair Gowans, ndiyo inayojulikana zaidi, na nayo siri yake ni ule ule uwazi wa mwili kwenye mwanga.

Salmoni wa ufukweni kwa flai ya kamba yupo upande wa pili wa dunia, Puget Sound, jimbo la Washington nchini Marekani. Kule salmoni wa pinki hurudi kwa wingi miaka isiyogawanyika kwa mbili, wakipita karibu na fukwe, na wanachukua flai ndogo ya pinki, namba 6 au 8, iliyofungwa kwa nyenzo chache mno. Chukua muundo wetu, ondoa gamba, punguza unyoya uwe mizunguko mitatu, fupisha sharubu ziwe sentimita moja na nusu. Umemaliza.

Kwa anayefunga kwa ajili ya kuuza

Mnunuzi wa jumla anatazama kitu kimoja kabla ya uzuri: je, zote kumi na mbili zinafanana? Ndiyo maana macho hutengenezwa kwa mpigo na kupangwa kwa ukubwa, manyoya huchambuliwa na kuwekwa mafungu kabla ya kukaa mezani, na sharubu hupimwa kwa alama iliyochorwa ukingoni mwa meza badala ya kukisia. Fanya hatua kwa mafungu pia. Ndoana zote zipate sharubu na macho, gundi ikauke, ndipo urudi kwenye miili. Mkono ukirudia kitendo kimoja mara ishirini unapata uzito wake wenyewe, na flai ya ishirini inatoka sawa na ya pili.

Kagua tundu la kila moja kwa sindano. Flai nzuri yenye tundu lililozibwa ndiyo inayorudishwa, na mvuvi aliye baharini, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, hana njia ya kulizibua. Zifungashe kwenye boksi lenye sponji ya mipasuo, sharubu zikiwa hazijapinda, maana nyuzi za brashi zikikunjwa wiki tatu njiani hubaki zimekunjwa. Zikipinda, mvuke wa birika huzinyoosha kwa sekunde chache.